Kelele Ndani ya Lori: Namna ya Kutuliza Chumba cha Dereva na Kulinda Masikio

Huduma nyingi za wilaya husafiri juu ya magurudumu ya lori. Lori ndilo linalozoa taka sokoni na kuzipeleka dampo, ndilo linalobeba kokoto za barabara za vijijini, na ndilo linalosafirisha mazao ya mkulima hadi ghalani. Wananchi hulitambua lori kwa mzigo wake, lakini ni wachache wanaomfikiria mtu aliye nyuma ya usukani. Mtu huyo hushinda ndani ya chumba cha bati ambacho katika malori mengi ya Afrika Mashariki kimewekwa juu ya injini yenyewe. Kelele anayoisikia kwa saa nane au kumi si usumbufu mdogo wa kazi. Ni jambo linaloweza kumpunguzia usikivu wake kwa maisha yake yote.

Makala haya yanaeleza namna kelele inavyoingia katika chumba cha dereva, ambacho mafundi hukiita kebini, vifaa vinavyofaa kuituliza, mpangilio wa kazi yenyewe, na mambo ambayo fundi hapaswi kuyafanya. Yamekusudiwa madereva, wamiliki wa malori, mafundi wa gereji pamoja na vikundi vya vijana vinavyotafuta fani yenye soko.

Madhara kwa dereva

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakipandi kama kilo au mita. Ongezeko la desibeli 3 humaanisha kwamba nguvu ya sauti imekuwa maradufu, ijapokuwa sikio huona tofauti ndogo tu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asipokee wastani wa zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2, na desibeli 94 kwa saa 1.

Ndani kabisa ya sikio la binadamu mna seli za usikivu zipatazo 15,000, zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mitikisiko ya sauti. Seli hizo zikifa hazioti tena. Hakuna dawa inayozirudisha, na kifaa cha kusaidia kusikia hukuza tu sauti kwa zile zilizosalia. Kinachotangulia kupotea ni usikivu wa sauti nyembamba, ambazo ndizo hubeba herufi kama s, f, sh na t. Ndiyo maana mtu aliyeathirika husema kwamba anasikia watu wakizungumza lakini haelewi wanachosema. Kwenye simu, "sita" na "tisa" huanza kufanana. Nyumbani, redio hupandishwa sauti na familia hulalamika. Wakati mwingine huongezeka mlio wa ndani ya sikio usiokoma, ambao huzidi usiku wakati wa kulala.

Kelele ina madhara mengine yanayoonekana mapema zaidi. Muungurumo wa muda mrefu huchosha akili, humfanya dereva apaze sauti anapozungumza na utingo wake, na humzuia kusikia honi ya pikipiki inayompita. Kwa malori yanayopita barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, safari yenye zaidi ya kilomita 900, dereva hupanda milima kama Kitonga kwa gia nzito huku injini ikivuma chini ya kiti chake. Uchovu anaoupata hapo hauletwi na usukani peke yake.

Njia nne za kelele

Fundi anayetaka kutuliza kelele hana budi kujua kwanza inapita wapi. Zipo njia nne, na kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni matundu. Sauti husafiri kwa hewa, na hewa hupita penye upenyo. Katika chumba cha dereva, matundu hayo yapo mahali zinapopita nyaya, nguzo ya usukani, fimbo ya gia na pedeli, pamoja na kwenye raba za milango zilizochakaa. Ukuta wenye tundu la ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kupunguza kelele kwa zaidi ya desibeli 20, hata uwe wa chuma kinene namna gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii hata ukijenga ukuta bila kuziba ufa umepoteza fedha.

Njia ya pili ni mtikisiko wa bati. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, nao walikuwa wakieleza kanuni ya kweli: bati jembamba na pana likiguswa na mtikisiko hulia lenyewe. Ukuta wa nyuma, dari na milango ya lori ni mabati ya namna hiyo. Injini huyatikisa, nayo hugeuka ngoma.

Njia ya tatu ni sauti inayopenya bati lenyewe, hasa sakafuni na kwenye kifuniko cha injini. Hapa kinachohitajika ni uzito, kwa kuwa kitu kizito ni vigumu kutikiswa na hewa.

Njia ya nne ni mwangwi. Kelele ikishaingia hugonga kioo, plastiki na bati, ikarudi masikioni mara nyingi. Kitambaa kizito na zulia hunyonya sehemu ya mwangwi huo.

Matengenezo hutangulia

Kabla ya kununua chochote, lori lipelekwe kwa fundi likaguliwe. Mara nyingi sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye ubovu unaopaswa kutengenezwa kwa vyovyote: ekzosi iliyotoboka, mipira inayobeba kebini iliyokufa, bolti zilizolegea, au kizuizi cha kelele kilichowekwa na kiwanda chini ya kebini ambacho kimechanika na kuning'inia.

Ekzosi inayovuja ni jambo la kupewa uzito wa pekee. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua mtu aliyefunga madirisha. Mlio wa ekzosi iliyotoboka ni onyo. Mmiliki anayefunika mlio huo kwa kubandika vizuia kelele huliondoa onyo na kuiacha hatari palepale. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba ubovu hutengenezwa, haufunikwi.

Raba za milango zinaweza kupimwa bila gharama. Karatasi huwekwa kati ya mlango na fremu, mlango ukafungwa, kisha karatasi ikavutwa. Ikitoka bila kukaza, raba haibani mahali hapo. Vilevile, usiku mtu mmoja anaweza kuwasha tochi ndani ya kebini huku mwingine akichungulia kutoka nje na chini. Kila mahali mwanga unapotokeza, ndipo kelele, vumbi na moshi huingilia.

Vifaa vinavyofaa na visivyofaa

Kwa mtikisiko wa bati, kifaa kinachofaa ni bamba la mpira wa butili lenye gundi upande mmoja na karatasi ya alumini upande wa pili. Bamba la unene wa milimita 2 huwa na uzito wa takriban kilo 3 kwa mita ya mraba. Bati linapotikisika, butili hunyumbulika kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto dogo lisiloonekana. Si lazima kufunika bati zima. Kwa bati pana na bapa, kufunika robo ya eneo, katikati yake, huleta sehemu kubwa ya faida. Ukuta wa nyuma wenye upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.3 una mita za mraba 2.34, robo yake haifiki mita ya mraba 0.6. Mmiliki anayeelezwa kwamba lazima afunike kila sentimita anauziwa zaidi ya mahitaji yake.

Kwa sakafu, hutumika tabaka mbili. La chini ni sponji ngumu isiyonywa maji, ya jamii ile inayotengenezewa kandambili nyepesi. Kazi yake ni kulitenganisha tabaka la juu na bati. La juu ni mkeka mzito. Mkeka wa mpira wa unene wa milimita 4, wenye kilo 5 hadi 6 kwa mita ya mraba, hufanya kazi hiyo vizuri ukikatwa sawasawa na kufika kila pembe.

Vipo vifaa vinavyotumiwa mara kwa mara ambavyo havifai. Trei za mayai hazizuii kelele. Ni nyepesi mno, nazo hushika moto haraka. Vipande vya godoro hunyonya maji ya mvua na jasho la viatu, vikaozesha sakafu kwa kutu, na vikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Vibandiko vya lami vinavyouzwa kwa ajili ya paa za nyumba huwa rahisi, lakini lori lililoegeshwa juani hupata joto kali mno darini. Lami hulegea, hunuka na hatimaye huachia. Povu la kupuliza linalovimba hujaza njia za maji na nyaya, na halitoki tena bila kuharibu.

Kila kifaa kipimwe kwa moto kabla ya kununuliwa kwa wingi. Kipande kidogo hupelekwa nje, mbali na vitu vinavyoweza kuungua, kikashikwa kwa koleo na kuguswa kwa mwali. Kikiendelea kuwaka baada ya mwali kuondolewa, au kikidondosha matone ya moto, hakifai kuingia ndani ya lori.

Hatua za kazi

Kazi hii huhitaji siku moja au mbili, mahali pakavu penye kivuli. Mpangilio wake ni huu:

1. Kupima kelele kabla ya kazi. Programu za simu za kupima sauti hutoa makadirio yanayotosha kwa kulinganisha. Simu ishikwe na abiria karibu na kichwa cha dereva, madirisha yakiwa yamefungwa, kwenye barabara, gia na mwendo utakaorudiwa baadaye.

2. Kuliegesha lori pasipo na mteremko, kuvuta breki ya mkono, kuweka vigingi kwenye magurudumu na kuchomoa waya wa betri, ukianza ule wa hasi. Ikiwa kebini itainuliwa, nguzo yake ya usalama ifungwe kabla mtu yeyote hajaingia chini yake.

3. Kuondoa viti, mazulia na vifuniko vya plastiki. Picha zipigwe kabla ya kufungua, na bolti za kila kiti na kila mkanda ziwekwe katika mfuko wake wenye alama.

4. Kusafisha bati. Mafuta hutolewa kwa sabuni na maji, kisha bati likikauka hufutwa kwa spiriti. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi bati lionekane, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na rangi iachwe ikauke kabisa. Kubandika juu ya kutu ni kuilisha.

5. Kuziba matundu. Matundu ya nyaya huwekewa mipira mipya ya ukubwa wake. Nyufa za maungio huzibwa kwa gundi ya mpira inayobaki laini. Raba za milango zilizochakaa zibadilishwe katika hatua hii.

6. Kubandika butili katikati ya mabati mapana: ukuta wa nyuma, dari na upande wa ndani wa bati la nje la mlango. Katika maeneo ya baridi kama Njombe na Makambako, mabamba yaanikwe juani kwanza yalainike. Kila bamba hukandamizwa kwa kigurudumu kidogo cha chuma au mbao mpaka hewa yote itoke chini yake, kwa kuwa mahali palipobaki hewa pana kazi isiyofanyika. Kingo za alumini hukata kama wembe, hivyo glavu zivaliwe.

7. Kutandika sponji na mkeka mzito sakafuni, maungio yakikutana bila mwanya.

8. Kurudisha vifuniko, zulia, viti na mikanda, kisha kujaribu taa, honi, madirisha na pedeli zote kabla ya lori kuingia barabarani.

Fundi anaweza kujua maendeleo ya kazi kwa ngumi. Bati ambalo halijabandikwa likigongwa hulia kwa mlio unaodumu. Likishabandikwa vizuri hutoa mlio mfupi na mzito, kama ubao.

Mambo yasiyopaswa kufanywa

Kwanza, pedeli zisibanwe. Mkeka ulionenepa chini ya pedeli ya breki au ya mafuta unaweza kuizuia kufika mwisho au kurudi juu. Kila pedeli ikanyagwe hadi mwisho kwa mkono na kwa mguu kabla ya gari kuwashwa. Ikigusa mkeka, mkeka hukatwa, hata kama kelele kidogo itarudi.

Pili, matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe. Maji ya mvua hupita kwenye kioo na kushuka ndani ya mlango. Yasipopata pa kutokea, mlango huoza. Karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya kifuniko cha mlango irudishwe mahali pake, na kioo kishushwe na kupandishwa mara kadhaa kabla ya kufunga.

Tatu, kitu chochote kisibandikwe karibu na ekzosi au turbo, wala upande wa chini wa kebini unaotazamana na injini, isipokuwa kizuizi kilichotengenezwa mahususi kwa joto la mahali hapo. Mafuta ya injini yaliyomwagikia sponji ni kuni zinazosubiri kiberiti.

Nne, valvu za breki za upepo, mapito ya hewa safi, mifuko ya hewa ya usalama na sehemu zinapofungwa bolti za mikanda ziachwe wazi. Bolti ya mkanda ishike chuma kwa chuma, isikazwe juu ya sponji, na ikazwe kwa kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari.

Matokeo ya kutegemea

Baada ya kazi, kipimo cha kwanza hurudiwa kwenye barabara ileile, kwa gia na mwendo uleule. Hakuna kifaa kitakachofanya lori liwe kimya kama ofisi, na anayeahidi hivyo asiaminiwe. Kinachopatikana ni desibeli chache. Hata hivyo, hizo chache zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye kioo cha simu. Lori lililokuwa na desibeli 91 likishuka hadi 88, dereva ameongezewa muda salama kutoka saa 2 hadi saa 4. Likishuka hadi 85, anamaliza siku ya kazi ya saa 8 ndani ya kiwango kinachopendekezwa.

Iwapo kelele imebaki juu, dereva anahitaji mapumziko ya mara kwa mara mahali patulivu. Dirisha lililo wazi nalo lihesabiwe. Kwa kuwa usukani uko upande wa kulia, sikio la kulia hupokea upepo na milio ya magari yote yanayopishana. Kebini iliyozibwa vizuri huhitaji feni au kiyoyozi kinachofanya kazi, la sivyo joto litamlazimisha dereva kufungua dirisha na faida yote ya kazi itatoka nje. Vizibo vya masikio visivaliwe barabarani bila ushauri wa mtaalamu, kwa kuwa dereva anapaswa kusikia honi na ving'ora. Faida ya kebini iliyotulizwa ni kwamba humwondolea dereva muungurumo na kumwachia nafasi ya kusikia onyo.

Haki na huduma

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi wake, na inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaowahudumia walioumia au kuugua kutokana na kazi. Dereva anayesikia mlio masikioni baada ya safari, au anayeona kwamba maneno ya watu yamekuwa hafifu, asisubiri. Aanze katika kituo cha afya kilicho karibu, apate rufaa ya kumwona mtaalamu wa masikio, na atunze kumbukumbu za vipimo vyake.

Magari ya umma hutengenezwa kwa utaratibu wa Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA; madereva wake waandike malalamiko ya kelele katika taarifa za ubovu wa gari kama wanavyoandika breki na taa. Mafundi waliojifunza kazi gereji bila cheti wanaweza kuomba VETA iwapime na kuutambua ujuzi wao. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuanzisha karakana ya kushona viti na kutuliza kelele za magari viwaone maofisa maendeleo ya jamii katika kata zao, ili vielezwe masharti ya mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Wamiliki nao wanakumbushwa kwamba kelele iingizwe katika ukaguzi wa kawaida wa lori. Tairi likiisha hununuliwa jingine, na injini ikichoka hufunguliwa ikatengenezwa. Sikio la dereva halina duka la vipuri.